Matuta Kumi ya Rohero

Kila kundi lilipewa punje kumi za maharage, haikuzidi hata moja, pamoja na kipande cha kanga kuukuu kilichochovywa majini kikakamuliwa. Punje zikapangwa safu mbili, kitambaa kikakunjwa juu yake, kikalazwa ndani ya sahani ya bati na kufunikwa kwa sahani nyingine. Makundi kumi, sahani ishirini, zote zikabebwa hadi kwenye kabati la darasa kwa mwendo wa watu waliobeba mayai. Mwalimu akateua mtoto mmoja wa kunyunyiza maji kila asubuhi, juu ya kitambaa, bila kukifunua. Akaandika tarehe ubaoni, akapangusa mikono.

"Hatufungui mpaka Jumanne."

Mvulana mmoja akauliza kama wanaweza kuchungulia kidogo Jumatatu.

"Maharage hayapendi kuchunguliwa," akajibiwa, na darasa likacheka.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, katika shule moja ya serikali mtaani Rohero, katikati ya Bujumbura. Nilikuwa nimekwenda kufuata cheti cha mpwa wangu, na kwa kuwa mwenye muhuri alikuwa hajafika, nikaketi chini ya mwembe nikitazama kupitia dirishani. Cheti nilikipata siku ile ile. Jumanne nilirudi kwa sababu nilitaka kujua punje ngapi zimeota.

Kundi moja lilipata tisa. Mengi yalipata saba au nane. Kundi la karibu na mlango, ambalo mbegu zake zilitoka mfuko mwingine, lilipata nne, na msichana aliyekuwa kiongozi wao alikuwa karibu kulia. Alidhani wameshindwa mtihani. Mwalimu akaziokota zile sita zilizokufa, akazigeuza kwenye kiganja kama sonara, akamwonyesha tundu dogo la fukusi. Kisha akauliza swali nililolibeba mpaka nyumbani: ikiwa mbegu za mfuko huu zinaota nne katika kumi, tutie punje ngapi katika kila shimo ili tusiache pengo? Wengine wakasema tatu, wengine tano, mmoja akasema kumi ili yaishe. Akawaacha wabishane karibu robo saa, kalamu zikikwaruza. Mwisho akatangaza kwamba mbegu za mfuko ule zitapikwa, na zitakazopandwa ni za mfuko uliotoa tisa.

Nikajiambia, huyu si mtu anayelimisha watoto. Huyu anafundisha kilimo. Kazi hizi mbili hufanana kwa mbali tu, na nimezichanganya maisha yangu yote.

Ukitaka shamba, hutakwenda Rohero. Ni mtaa wa kuta ndefu na mageti, wa benki na ofisi, wa kanisa kuu la Regina Mundi na barabara pana yenye jina la Prince Louis Rwagasore. Zamani mji ulipoitwa Usumbura, Wazungu walijijengea huku, na sisi Waswahili tukawa Buyenzi. Mboga huingia Rohero zikiwa kichwani mwa mtu. Soko kuu liliungua tarehe 27 Januari 2013, na tangu hapo kina mama wa mboga wametawanyika. Utawasikia asubuhi wakipita getini na beseni la lengalenga, matembele na sombe. Mtoto wa Rohero huijua lengalenga kwa fungu na kwa faranga. Hata hivyo, uliza darasa zima nani ana bibi mlimani, na mikono karibu yote itainuka, maana Warundi walio wengi bado wanakula kwa jembe, juu ya vipande vya ardhi ambavyo mara nyingi havifiki hekta moja.

Ardhi ya shule hii ni ndogo kuliko hivyo vyote. Nyuma ya madarasa, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani, kuna matuta kumi, kila moja na ukubwa wa mlango: mita 2 kwa sentimita 80. Wanafunzi ni 60. Yaani tuta moja kwa watoto sita, na wakiinama wote pamoja vichwa vinagongana.

Kwa hiyo mwalimu amewapangia zamu. Wawili wanafanya kazi, wawili wanapima, mmoja anaandika daftari la tuta, mmoja anatazama tu. Huyu wa kutazama nilimdharau siku ya kwanza. Baadaye nikagundua kwamba ndiye anayeulizwa maswali magumu: mwenzako ameshika jembe wapi? Shimo la nne lina kina gani? Nani amekanyaga tuta? Somo likiisha wanabadilishana. Maharage mafupi wanayapanda kwa sentimita 40 kati ya mstari na mstari, 20 kati ya shimo na shimo, punje mbili kila shimo. Mistari miwili, mashimo 20, punje 40 kwa tuta. Kamba ina mafundo kila sentimita 20, ili mkono ujue hata jicho likikosea. Nilimwona akimrudisha mvulana mmoja mara tatu kwa shimo lililoingia ndani mno, bila kupaza sauti, kila mara akimwonyesha kiungo cha pili cha kidole chake mwenyewe: "Hapa. Ikizidi hapa, inachoka njiani."

Ana bahati moja aliyopewa na kalenda. Mwaka wa shule wa Burundi hufunguliwa Septemba, na Septemba ndipo mvua za kwanza zinapotafutwa angani, mwanzo wa msimu ambao wakulima huuita agatasi. Kinachopandwa Oktoba mapema huvunwa Desemba, kabla au wakati wa likizo. Februari huja impeshi, msimu wa pili, na mavuno yake huangukia mitihani ya mwisho wa mwaka. Ule wa tatu, ici, ni wa mabondeni wakati wa kiangazi, shule ikiwa imefungwa. Sijui nani alipanga kalenda ya shule, na sidhani kama alikuwa akiwaza maharage, lakini misimu miwili kamili imeketi ndani ya mwaka mmoja wa masomo kana kwamba ilipimwa. Nchi hii, kwanza, iliwahi kuwa na ufalme uliofungua kupanda mtama kwa sherehe kuu ya umuganuro, mwami akiwa katikati na ngoma zikilia, mpaka sherehe hiyo ikazimika wakati wa Wabelgiji. Mwalimu huwasimulia hilo siku ya kwanza ya kuotesha. Hana ngoma, ana kengele ya shule.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya chupa. Kila kundi lilijaza theluthi ya chupa kwa udongo wa tuta lake, likaongeza maji, likatikisa mpaka mikono ikauma, likaweka dirishani. Mchanga ulitua ndani ya dakika moja. Tope laini lilichukua saa kadhaa. Mfinyanzi ulikataa, maji yalikuwa bado na ukungu kesho yake. Wakapima matabaka kwa rula na kuyachora. Kundi la tatu lilikuta tabaka ambalo halimo vitabuni, la chokaa na vigae vilivyosagika, mabaki ya nyumba fulani iliyowahi kusimama pale. Msichana mmoja alileta bahasha ya udongo mwekundu kutoka kwa bibi yake huko Mwaro. Uliwekwa katika chupa ya kumi na moja, na siku tatu baadaye maji yake yalikuwa bado na rangi ya chai. "Sasa mmeelewa kwa nini jembe la bibi ni zito," mwalimu akasema. Hakuongeza neno.

Namna hiyo ya kunyamaza ni sehemu ya ufundi wake. Akiuliza, anahesabu moyoni. Nilimpima kwa saa yangu: sekunde kumi, kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Jaribu kunyamaza sekunde ishirini mbele ya watoto 60 uone.

Mboji yake iko pembeni, kifusi kinachofika kiunoni. Maganda ya viazi na ndizi kutoka majumbani, majani ya mwembe yaliyokatwakatwa kwa panga kwa sababu yakiwa mazima hukawia kuoza, majivu kiasi, samadi ya kuku ambayo mzazi mmoja huileta kwa gunia. Katikati ya kifusi kimechomekwa kijiti kirefu. Hicho ndicho kipimajoto. Mtoto anakichomoa, anakishika sehemu iliyokuwa ndani, na anatakiwa aseme mambo matatu: joto, unyevu, harufu. Kikiwa cha moto mpaka anakiachia, mboji inafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, inataka maji. Kikiwa baridi na kinanuka yai viza, imebanwa, haipati hewa, igeuzwe. Nimewasikia watoto wakibishana juu ya kijiti kile kwa uzito wa madaktari walio mlangoni pa mgonjwa.

Lakini kilichonifanya nirudi tena na tena ni siku ya timazi.

Bujumbura imekaa chini ya milima ya Mumirwa kama sahani chini ya bomba. Mvua ikinyesha juu kwa nguvu, udongo hushuka nayo. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji na tope viliteremka kwenye mitaa ya kaskazini ya mji, vikavunja nyumba na kuua watu zaidi ya 60. Watoto wa darasa lile walikuwa wadogo au hawajazaliwa, lakini kila nyumba ina mtu anayekumbuka. Mwalimu alianzia hapo, kwa sentensi mbili tu, kisha akatoa miti miwili ya urefu wa mita 2, akaifunga juu, akaiunganisha kwa mti wa tatu katikati, ikawa herufi A. Kutoka kileleni akaning'iniza kamba yenye jiwe.

Chombo hiki kinapaswa kupimwa kabla hakijapima, na hapo ndipo utamu ulipo. Alisimamisha miguu ya A juu ya vigingi viwili, jiwe likatulia, akatia alama mahali kamba ilipogusa mti wa kati. Kisha akaugeuza mguu wa kulia ukawa kushoto, juu ya vigingi vile vile. Kamba ikagusa mahali pengine. Alama ya pili. Watoto wakadhani amekosea. Yeye akapima nafasi kati ya alama mbili, akaigawa, akachora ya tatu katikati: "Kamba ikisimama hapa, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Haijalishi miti ni mibovu kiasi gani." Na miti kweli ilikuwa mibovu, mmoja ulipinda kama upinde. Nilikaa na wazo hilo siku nzima, kwamba vitu viwili visivyolingana vinaweza kutoa kipimo cha haki ukivibadilishana nafasi na kugawanya kosa.

Wakaanza kutembeza A yao uani, kigingi baada ya kigingi. Mimi ningeapa kwamba ua ule ni bapa. Kamba haikukubaliana nami: kutoka getini hadi tangini kuna mteremko, na mstari wa usawa haukuwa mnyoofu hata kidogo, ulizunguka shina la mwembe na kurudi. Mvulana mmoja, nadhifu, wa kola iliyopigwa pasi, alitaka kuunyoosha. Akaambiwa amwage ndoo ya maji juu ya mstari alioutaka yeye, kisha nyingine juu ya mstari wa vigingi. Ya kwanza ilikimbia. Ya pili ilisita, ikasambaa, ikanywewa. Hapo ndipo yanapopandwa majani ya tripsacum mlimani na kuchimbwa mitaro ya kukinga maji. Wakamba wa Machakos walikuwa na njia yao ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, wakaiita kwa Kiswahili fanya juu, na wataalamu wa udongo duniani wanaliandika neno hilo hivyo hivyo bila kulitafsiri. Jambo dogo, lakini lilinifurahisha kumsikia mwalimu akiliandika ubaoni wakati wa somo lililokuwa likiendeshwa nusu kwa Kirundi nusu kwa Kifaransa.

Mimi jembe la shule nililijua kwa njia nyingine. Nilikosoma, na sitaitaja, kuchelewa kulikuwa mistari miwili ya kulima, kuzungumza darasani mistari minne. Shamba lilikuwa kubwa, mavuno hatukuyaona yalikokwenda, na hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini mahindi ya upande wa mashariki yalikuwa ya njano. Niliondoka pale nikiamini kwamba kulima ni jambo linalompata mtu aliyekosa. Wengi wa rika langu waliondoka na imani hiyo hiyo, na nadhani ndiyo sababu ya mzazi wa mjini kununa akisikia kilimo kimewekwa kwenye ratiba.

Historia inampa haki ya kununa. Chini ya Wabelgiji, kilimo kilikuja kwa amri: panda kahawa, panda mihogo ya akiba ya njaa, na asiyetii akaonja kiboko. Groupe Scolaire ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare, ilifunza vijana wa Ruanda-Urundi usaidizi wa utawala, wa tiba, wa mifugo na wa kilimo. Lakini kwa mtu wa mlimani, aliyetumwa kumfundisha kilimo alionekana kama karani mwenye daftari la makosa. Baada ya uhuru, nchi zetu zikataka kuligeuza jambo hilo. Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na shamba la shule likawa kila mahali Tanzania. Burundi nayo ilianza mageuzi yake 1973, shule ya msingi isomeshe kwa Kirundi na iwe ya mazingira ya kijijini. Nia zilikuwa njema. Lakini mara nyingi mno kilichofika kwa mtoto ni jembe na eneo la kumaliza.

Kuna pia hoja ya Philip Foster, aliyechunguza shule za Ghana na kuandika mwaka 1965 kwamba wazazi hawadanganyiki: wanaona kazi za ofisini ndizo zenye mshahara, na kuweka kilimo katika mtaala hakutabadilisha hesabu hiyo. Naikubali. Mtoto wa Rohero hatakuwa mkulima kwa sababu ya tuta lenye ukubwa wa mlango. Mwalimu wetu naye anaona hivyo; nilipomuuliza, alicheka. "Wengi watakuwa ofisini," akasema. "Lakini ofisini ndiko wanakoamua mbegu gani zinunuliwe." Rais Évariste Ndayishimiye, tangu 2020, amekuwa akihimiza kwamba kila mdomo upate chakula na kila mfuko upate pesa. Kati ya kauli hiyo na mdomo wenyewe kuna mtu anayepaswa kujua kwamba nne katika kumi ni mbegu za kupika.

Nimefikiri sana kwa nini somo hili limeshika hapa, mjini, kuliko kule kwenye shamba kubwa la utoto wangu. Nadhani ni kwa sababu ardhi haitoshi. Huwezi kuwaadhibu watoto 60 kwa matuta kumi. Kazi ingeisha kabla hasira ya mwalimu haijapoa. Huwezi kulisha nayo walimu. Eneo likiwa dogo hivyo, kitu pekee unachoweza kuvuna kwa wingi ni kuelewa, na mwalimu akiwa fundi, anajua hilo na halionei haya.

Naye hukosea. Mwanzoni mwa Oktoba alisia lengalenga akichanganya mbegu zile ndogo kama vumbi na mchanga mkavu ili zisiangukie mahali pamoja, kazi safi kabisa, lakini hakuzifunika kwa majani. Usiku mvua ilipiga. Asubuhi mbegu zote zilikuwa zimekusanyika kwenye kona moja, karibu na ukuta, na wiki moja baadaye kona hiyo iliota kama nywele. Akawapeleka darasa zima kuitazama. "Nani amefanya hivi?" akauliza. Kimya. "Ni mimi. Semeni nilisahau nini."

Katikati ya Novemba maharage yalitoa maua, na kila tuta likatoa mmea mmoja. Hakuung'oa. Alichimba kuzunguka kwa kijiko, akaunyanyua na bonge lake la udongo, akaulowesha ndani ya beseni mpaka udongo ukajitenga wenyewe, kwa sababu ukivuta, vinundu hubaki ardhini na utafikiri havikuwepo. Mizizi ilitoka imevaa shanga ndogo. Akakata kimoja kwa wembe: ndani kilikuwa chekundu kama ufizi. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi, wakichukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao mmea ukiwalipa sukari. Cheupe au cha kijani ni kivivu. Watoto wakapita mmoja mmoja, kila mmoja na kinundu chake, wakiita rangi kwa sauti, na mwandishi wa kila kundi akitia alama.

Yule mvulana wa kola akasimama muda mrefu juu ya beseni.

"Kwa hiyo maharage yamepangisha vyumba," akasema.

"Ndiyo."

"Na wapangaji wanalipa kodi."

"Kila siku," mwalimu akasema. "Si kama wa baba yako."

Desemba mvua haikutaka kuwapisha wakaushe. Mashina yalining'inizwa barazani vichwa chini, yakahamishwa kila wingu lilipokuja, yakapigwa kwa fimbo juu ya turubai. Mizani iliazimwa dukani. Walipanda gramu 160. Walivuna kilo mbili na robo. Watoto wakacheka, watu 60 na kilo mbili na robo, hata sufuria moja haijai. Mwalimu akawaacha wacheke, kisha akawapa chaki. Mara ngapi ya mbegu? Kumi na nne. Eneo lote mita za mraba 16. Je, hekta ingetoa ngapi? Kilo 1,400 na kidogo. Yule msichana wa punje nne ndiye aliyemaliza kwanza, akahesabu tena kwa faranga za bei ya dukani, akaipigia mstari chini mara mbili.

Nusu kilo ikatengwa kwa ajili ya Februari. Walizichagua punje moja moja juu ya dawati, zilizokunjamana kando, zenye tundu kando, wakachanganya zilizobaki na majivu yaliyochekechwa ili fukusi asipate nafasi ya kutembea, wakaleta ile chupa ya dirishani, imeoshwa na kuanikwa. Kabla ya kutia, msichana alichukua punje moja, akaiweka kati ya meno ya nyuma kama alivyofundishwa, akaibana.

Mwalimu akangoja.

"Imebonyea," akasema. "Bado."

Wakazimwaga tena kwenye sinia, wakazirudisha juani.